Dhara Ni Nini katika Hati ya Mapatano?

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi watu wa vijijini wameyashika maneno hayo, nao hawakodishi shamba, wala nyumba, wala ng'ombe wa kulimia, wala pikipiki, pasipo kuandikiana. Jambo hilo ni jema, nasi twalifurahia. Lakini sisi walimu, ambao mara nyingi huitwa jioni baada ya shule tuandike hati hizo, au tuzisome kwa wale wasiojua kusoma, tumeona ya kuwa karatasi haizuii ugomvi ikiwa ndani yake limo neno lisilojulikana maana. Na neno lisilojulikana kuliko yote ni neno "dhara", pamoja na ndugu zake wawili, "hasara" na "uharibifu".

Tazameni jinsi watu wapatanavyo. Juu ya bei huzungumza hata chai ikapoa. Siku ya kuanza na siku ya kurudisha huzihesabu kwa vidole. Majina ya mashahidi huandikwa kwa uangalifu, na alama ya kidole gumba hutiwa mahali pake. Kisha, karibu na mwisho, mmoja husema, "Na akiharibu, atalipa," na mwingine huitikia, "Naam, atalipa," na kalamu huandika. Hakuna aulizaye: Akiharibu nini, na kwa kadiri gani? Je, kuchakaa ni kuharibika? Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, ni nani aliyeharibu? Na mtu akikosa mavuno kwa sababu ya kile kilichoharibika, je, mavuno hayo nayo yamo katika neno lile? Maswali haya huja baadaye, wakati mioyo imekwisha kupata moto, na kila mtu hulivuta neno upande wake.

Twapenda kulieleza jambo hili kwa shauri moja lililotokea kijijini kwetu, ambalo sisi tuliitwa barazani kuisoma hati yake. Hatutaji majina, kwa maana wote wawili wangali jirani zetu.

Mjane mmoja alikuwa na maksai wawili na plau, mali aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwa kodi ya maksai hao alinunua daftari na sare za watoto wake, na chumvi, na mafuta. Kijana wa nyumba ya pili aliwakodi kwa muda wa majuma sita, naye alilipa kodi yote mapema. Hati yao ilisema ya kwamba mkodi atarudisha vitu vyote katika hali njema, na kwamba atalipa madhara yote. Maneno hayo yalinakiliwa katika karatasi iliyopigwa chapa, iuzwayo dukani, ambayo kwa kweli ilitungwa kwa ajili ya wapangaji wa nyumba.

Kijana aliirudisha mali siku 9 baada ya siku iliyopatanwa. Chuma cha kulimia kilikuwa kimelika ncha. Maksai mmoja alikuwa akichechemea mguu wa nyuma. Tena mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kupita, hata shamba la mjane likapandwa kwa kuchelewa, na mahindi yake yakanyauka kabla ya kubeba. Mjane alidai chuma kipya, na bei ya maksai mzima, na magunia 12 ya mahindi.

Kijana alijibu, "Mama, ng'ombe ni mnyama, na chuma ni chuma. Kodi yako nalikwisha kukulipa."

Mjane akasema, "Mwanangu, karatasi yasema madhara yote. Yote, maana yake nini?"

Wazee walinyamaza, kwa kuwa swali lile lilikuwa zito. Kama "yote" ni yote kweli, kijana hana budi kuuza kiwanja chake, na kwa sababu ya msimu mmoja wa kulima atakuwa maskini miaka mingi. Na kama "yote" si kitu, watoto wa mjane wataondoka shuleni. Neno moja lilikuwa limeshika nyumba mbili.

Basi si sisi tu tulioulizwa swali hili. Watu wa kale waliulizwa kabla yetu, na juu ya ng'ombe hao hao. Huko Babeli, yapata mwaka 1750 kabla ya kuzaliwa Kristo, mfalme Hammurabi aliandikisha sheria zake juu ya jiwe jeusi refu. Jiwe hilo lilivumbuliwa mwaka 1901 katika magofu ya Susa, nchi ya Uajemi, nalo sasa limewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Louvre, mjini Paris. Ndani ya sheria zile imo habari ya mtu akodiye ng'ombe. Akimwua kwa kumpiga au kwa uzembe, atatoa ng'ombe kwa ng'ombe. Akimvunja mguu, ni vivyo hivyo, kwa maana ng'ombe asiyeweza kusimama hafai tena kazi. Akimpofusha jicho, atalipa nusu ya bei yake. Akimvunja pembe au akimkata mkia, atalipa sehemu iliyo ndogo zaidi. Lakini simba akimwua porini, hasara ni ya mwenye ng'ombe. Na akifa kwa pigo la mbinguni, mkodi ataapa na kuachwa huru.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, twasoma mambo yaliyo karibu na hayo. Huko mtu aliyewekewa mnyama amtunze, na yule aliyeazima, na yule aliyekodi, hawahesabiwi kuwa sawa. Aliyeazima bure hulipa mnyama akiumia au akifa, ikiwa mwenyewe hakuwapo. Mwenyewe akiwapo, halipi. Na aliyekodi, ile kodi yake yaihesabia hatari ile. Na mnyama akiraruliwa na mnyama wa mwitu, mtunzaji ataleta mabaki yake yawe ushahidi, wala hatalipa.

Ni jambo gani tujifunzalo hapa? Ni hili, ya kwamba wale wa kale hawakuandika "madhara yote" kisha wakaenda zao. Walilipasua neno hilo vipande vipande: mguu, jicho, pembe, simba, wizi, kiapo. Walijua ya kuwa dhara si kitu kimoja. Dhara huwa na kadiri yake, tena huwa na chanzo chake, na asiyeuliza chanzo hawezi kujua ni nani wa kulipa.

Na tuyapasue basi madai ya mjane kwa namna hiyo.

La kwanza ni chuma kilicholika. Kitu kitumikacho huchakaa. Chuma hulika kwa udongo, kama kisu kinavyolika kwa kinoo na sabuni inavyopungua kwa maji. Huko si kuharibika. Ni kazi yenyewe. Akodishaye plau aijua habari hiyo, na ndiyo sababu moja ya kutoza kodi. Kwa hiyo katika hati za kupanga nyumba wanasheria wa Uingereza kwa muda mrefu wametia maneno ya kutoa nje uchakavu wa kawaida, yaani mpangaji harudishi rangi ya ukuta iliyofifia kwa jua, bali hurudisha dirisha alilolivunja. Nasi twaweza kuipima tofauti hiyo kwa swali jepesi: Je, kitu hiki kingekuwa hivi hata katika mikono ya mtu mwangalifu aliyefanya kazi ile ile iliyopatanwa? Ikiwa ndivyo, ni uchakavu. Ikiwa sivyo, ni uharibifu.

La pili ni mguu wa maksai. Hapa wazee waliuliza sana, hata shahidi mmoja akasema alimwona maksai yule akikokota gari la mawe ya kujengea, siku ambayo kijana alikwisha kumaliza kulima. Kijana hakukana. Alisema, "Nilidhani nimekwisha kulipia siku zile, nifanye nitakavyo." Lakini hati ilisema kulima. Sheria ya Mikataba ya Tanzania yalieleza jambo hili waziwazi. Mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine imempasa kuitunza kama mtu wa busara ya kawaida atunzavyo mali yake mwenyewe. Na akiitumia kwa kazi isiyopatanwa, atalipa dhara litokalo katika matumizi hayo, na hata lile litokealo wakati wa matumizi hayo. Kwa kazi iliyopatanwa, uangalifu wa kawaida watosha kumponya. Kwa kazi isiyopatanwa, hatari ni yake.

Walakini sheria hiyo haimpendelei mwenye mali. Yeye akodishaye kitu chenye kasoro, naye mkodi akaumizwa kwa kasoro hiyo, atamlipa mkodi, hata ikiwa hakuijua. Kama maksai yule angalikuwa na kidonda cha zamani kwatoni, au kama angalikuwa na desturi ya kupiga pembe akamchoma kijana ubavuni, mjane ndiye angaliulizwa. Kwa hiyo katika hati iliyo sawa neno dhara hutazama pande mbili, kama mlango ufunguliwao kutoka ndani na kutoka nje.

La tatu ni mahindi yaliyonyauka. Hili ndilo gumu kupita yote, maana kijana hakuyagusa mahindi yale hata kwa kidole. Na juu ya hili kuna shauri maarufu la Uingereza, lisomwalo hata leo na wanasheria wa Afrika ya Mashariki, nasi twapenda kulisimulia kwa sababu ni habari ya kinu cha kusagia nafaka.

Mwezi wa Mei mwaka 1853, huko Gloucester, mhimili wa injini ya mvuke, ambao mafundi wetu huuita shafti, ulivunjika katika kinu cha watu wa ukoo wa Hadley. Hawakuwa na mwingine. Ilikuwa lazima ule uliovunjika upelekwe Greenwich, karibu na London, uwe kielelezo cha kutengenezea mpya. Wachukuzi walipokea pauni 2 na shilingi 4 kuupeleka. Lakini kwa uzembe wao walichelewa, na kinu kikasimama siku kadhaa zaidi. Wenye kinu walidai faida waliyoikosa katika siku hizo. Baraza la raia walioapishwa likawapa pauni 25 kuzidi zile ambazo wachukuzi walikuwa wamekwisha kuziweka mahakamani. Mwaka 1854 shauri lilifika mbele ya majaji wa juu. Jaji Alderson akasema ya kwamba hasara ilipwayo ni ya namna mbili tu: ile itokayo yenyewe katika kuvunjwa kwa mapatano, kwa desturi ya mambo; na ile ambayo wote wawili, walipokuwa wakipatana, waliweza kuitazamia kuwa itatokea. Majaji waliona ya kuwa mchukuzi alijua mzigo wake ni shafti iliyovunjika ya kinu, wala hakujua zaidi. Pengine wenye kinu walikuwa na shafti nyingine ya akiba. Pengine mashine ilikuwa na ugonjwa mwingine. Hakuambiwa ya kwamba kinu kizima chamngoja yeye. Basi wakaamuru shauri lisikilizwe upya, na hasara ile isitiwe katika hesabu.

Kanuni hiyo ilisafiri mbali. Iliingia katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na sheria hiyo ya India ndiyo iliyotumika Tanganyika katika siku za utawala wa Waingereza. Mwaka 1961 Tanganyika ilipata sheria yake yenyewe ya mikataba, lakini kifungu cha 73 cha sheria yetu kingali chasema mambo yale yale: atalipwa hasara itokayo kwa desturi ya mambo, au ile ambayo wapatanaji walijua, walipopatana, ya kuwa yaelekea kutokea, wala hatalipwa hasara iliyo mbali na isiyotoka moja kwa moja katika kuvunjwa kwa mapatano. Na kule Kenya, ambako sheria ya mikataba hufuata ile ya Uingereza, shauri la kinu cha Gloucester nalo lina nguvu.

Basi swali lililo mbele ya wazee wetu halikuwa, "Je, mjane alikosa mahindi?" Wote walijua amekosa. Swali lilikuwa, "Je, kijana alijua?" Wakamwita mzee aliyetia gumba kama shahidi. Mzee yule alikumbuka ya kuwa siku ya kupatana mjane alisema, mbele ya wote, "Nirudishie kabla ya mvua, mwanangu, kwa maana nami sina plau nyingine." Maneno hayo hayakuandikwa, lakini yalisemwa, na kijana alipoulizwa alikiri kuwa aliyasikia. Hapo uso wake ulibadilika. Maana mtu aweza kubishana juu ya chuma na juu ya kwato, lakini ni vigumu kubishana na maneno uliyoyasikia kwa masikio yako.

Wazee waliamua hivi. Chuma cha plau, kijana halipi cho chote, kwa kuwa kodi imekwisha kukilipa. Mguu wa maksai, kijana atalipa gharama zote za Bwana Mifugo na dawa, na maksai asipopona kwa muda wa miezi mitatu, atampokea yeye na kumpa mjane mwingine mzima. Mahindi, atatoa magunia 4 wala si 12, kwa maana mwaka ule hata waliopanda mapema walivuna kidogo kwa sababu ya jua, na si haki jua la Mungu kuhesabiwa juu ya kijana. Wazee hao hawakuisoma Sheria ya Mikataba, wala hawajasikia habari za Gloucester. Walakini waliyafikia yale yale kwa njia ya akili na haki. Sisi tuliokuwa na hati mkononi tulistaajabu kuona ya kuwa hukumu yao haikutoka katika neno "yote" lililoandikwa, bali katika sentensi moja ya mjane isiyoandikwa po pote. Na kama mzee yule angalikufa kabla ya shauri?

Sasa tuseme juu ya desturi nyingine inayoenea. Watu wengine, kwa kuogopa ugumu wa kulieleza dhara, hulitilia bei kabla halijatokea. Twaona sana jambo hili katika mikataba ya pikipiki, ambayo kijana huchukua chombo akalipa kidogo kidogo kila siku hata kiwe chake. Tumesoma hati zisemazo ya kuwa akichelewa siku kadhaa, au chombo kikipata uharibifu wo wote, kitarudi kwa mwenyewe na fedha zote zilizokwisha kulipwa zimepotea. Kijana aliyelipa miezi kumi hupoteza sawasawa na aliyelipa mwezi mmoja. Tena taa iliyopasuka na injini iliyoungua huhesabiwa kuwa dhara moja. Je, hilo ni fidia, au ni adhabu?

Juu ya hilo sheria ina jibu. Huko Uingereza mwaka 1914 majaji, katika shauri la kampuni ya mipira ya magurudumu iitwayo Dunlop, walieleza tofauti ya fidia iliyokisiwa kwa moyo safi na adhabu iliyotiwa ili kumtisha mtu. Na kifungu cha 74 cha sheria ya Tanzania chasema ya kwamba ikiwa kiasi kimetajwa katika mapatano, aliyevunjiwa mapatano atapewa fidia iliyo ya haki isiyozidi kiasi hicho. Yaani kile kiasi kilichoandikwa ni mpaka wa juu. Si lazima kilipwe chote. Twawaomba vijana walijue jambo hili. Lakini twawaomba zaidi wasingoje kulijua mbele ya hakimu, kwa kuwa nauli ya kwenda mahakamani, na siku za kazi zinazopotea, nazo ni hasara ambayo mara nyingi hakuna airudishaye. Heri kuuliza mapema: taa ikivunjika, nitalipa taa, au nitapoteza pikipiki?

Tena liko dhara ambalo hati nyingi za kwetu hulisahau kabisa, nalo ni dhara la mwili. Sheria ya adhabu, ambayo ni ya makosa ya jinai na si ya mapatano, hulieleza dhara kuwa ni maumivu yo yote ya mwili, au maradhi, au kuharibika kwa afya, kwa siku chache au kwa maisha yote. Angalieni upana wake: hata maradhi yamo, hata ya muda mfupi. Lakini shika karatasi ya kuajiri mchimba kisima au mpasua kokoto, nawe utaona dhara la sururu na la ndoo limeandikwa, wala mapafu ya mtu na vidole vyake havikutajwa. Wakati mwingine vimetajwa kwa ubaya: imeandikwa ya kuwa mwajiri hatahusika na madhara ye yote atakayoyapata mfanyakazi. Huko Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1977, mfanya biashara hawezi kujiondolea kwa maneno ya mkataba lawama ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Huko Tanzania iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo kwayo waajiri huchangia mfuko wa kuwalipa walioumia kazini au waliopata maradhi kwa sababu ya kazi. Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015. Basi atiaye gumba kwenye karatasi ya namna hiyo, na asidhani ya kuwa mwili wake umekwisha kuuzwa, aulize kwanza.

Na je, dhara linalompata mtu asiyekuwamo katika mapatano? Huko Paisley, nchi ya Uskoti, mwezi wa Agosti mwaka 1928, mwanamke mmoja jina lake May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi katika chupa nyeusi. Alipokwisha kunywa sehemu, yasemekana konokono aliyeoza alitoka katika chupa, naye akaugua. Hakuweza kumdai mwenye duka kwa mapatano, kwa kuwa aliyenunua ni rafiki. Wala hakuwa na mapatano na mtengenezaji. Shauri lake lilikwenda hata baraza la juu kabisa la Uingereza. Mwaka 1932 majaji watatu kati ya watano walikubali ya kwamba mtengenezaji aweza kushtakiwa. Jaji mmoja wao, Lord Atkin, alilitumia swali lile aliloulizwa Bwana Yesu na mwana-sheria, kabla ya kusimulia habari za Msamaria: jirani yangu ni nani? Akajibu kwa njia ya sheria, ya kuwa jirani ni yule ambaye, kama ningefikiri vema, ningeona ya kwamba tendo langu laweza kumdhuru. Basi sheria yenyewe imekiri ya kuwa karatasi ina kingo, na ng'ambo ya kingo hizo wako watu.

Hayo twayasema tukikumbuka ya kuwa kijana na mjane wa kijijini kwetu wamelipana kama walivyoamuliwa, na maksai amepona. Lakini mwaka wa pili sasa nyumba zile mbili haziazimani chumvi wala moto. Watoto wa mjane, waliozoea kupita katika uwanja wa kijana kwenda kisimani, huzunguka njia ndefu. Dhara hilo halimo katika kifungu cha 73, wala wazee hawakulipimia magunia. Nasi twadhani lisingalitokea kama, siku ile ya kwanza, watu wale wangalikaa robo saa zaidi.

Kwa robo saa hiyo twashauri mambo haya yaandikwe. Kwanza, hali ya kitu siku ya kukabidhiwa, pamoja na kasoro zake zote. Na siku hizi, kwa kuwa simu zenye kamera zimejaa, na ipigwe picha. Pili, kazi iliyopatanwa, na neno "hii tu" likiwa hakuna nyingine. Tatu, uchakavu gani ni wa kawaida usiolipwa. Nne, hatari gani ni za mwenyewe: ugonjwa, radi, mafuriko, mnyama wa mwitu. Tano, kwa nini siku ya kurudisha ni siku hiyo, na mwenyewe atapata hasara gani kitu kikichelewa. Maana lililotajwa halikanwi. Sita, mwili wa mtu ukiumia, nani atamtibu. Na saba, ni nani atakayelikadiria dhara likitokea, fundi au Bwana Mifugo au mzee ambaye wote wawili wamemkubali wakingali wakicheka pamoja.

Wengine watasema mambo haya ni ya wanasheria na ya Kiingereza. Zamani udhuru huo ulikuwa na nguvu. Lakini mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, ijapokuwa Kiingereza chaweza kutumika pale penye haja. Neno dhara sasa lazungumzwa barazani kwa lugha ya nyumbani kwetu, na mwenye kulijua vema ni yule aliyelima, aliyejenga, aliyefuga. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee. Nasi twaongeza, kalamu nayo hujikwaa. Basi, ndugu msomaji, safari nyingine utakaposikia mtu akisema, "Na akiharibu, atalipa," usiitikie upesi. Mwombe mwandishi aweke kalamu chini kidogo, kisha uwaulize wote wawili maana ya kuharibu.